Mihambo Yuko Mlangoni

Sifa zote zimwendee Mungu, aliyeniamsha leo nikiwa na macho yanayoona na vidole vinavyoshika kalamu. Amenivusha katika mengi, na hili ninaloandika ni mojawapo. Ndugu msomaji, sikusimuliwa wala sikuota. Lilinipata mwenyewe, jua likiwa utosini, nimekunywa chai yangu na sina homa. Najua visa vya namna hii watu huviweka usiku. Changu hakikungoja giza, na tangu hapo hata mchana siuamini sana.

Mimi ni mtunza ghala wa ushirika wa wafuga nyuki hapa Tabora, na siku ya Jumapili ni katekista wa kigango kimoja njia ya Kipalapala. Asali na nta za vituo vyetu vyote, Sikonge, Urambo na Nzega, hupita mikononi mwangu. Ushirika ulipoleta mfumo wa kompyuta, akaja pamoja nao dada mmoja kutoka Dar es Salaam, Neema, kutufundisha.

Neema alikuwa na subira na wazee, Mungu amlipe. Alinionyesha mashine yenyewe, wanaiita seva, sanduku jeusi lililofungiwa katika chumba chenye baridi, likivuma kama mzinga. Akaniambia nisidhani ndani yake mna mfumo mmoja. Mna miwili, imefanana kama mapacha. Mmoja ni wa kazi: humo ukiandika umeandika, hakifutiki kitu. Wa pili ni wa mafunzo. Watu wa vituo vyote huingia humo kujizoeza, wanaharibu wapendavyo, na kila Jumapili usiku mashine hufuta yote waliyoyafanya na kuurudisha mfumo ulivyokuwa siku ya kwanza. Nikamuuliza mashine inakumbukaje siku ya kwanza. Akasema wataupiga picha, yaani nakala ya kila kilichomo, na picha hiyo ndiyo itakayorudishwa kila juma.

Kabla ya kuipiga walihitaji mfugaji wa mfano, mtu aliyefika mlangoni na mzigo ambao bado haujapokewa, ili wanaojifunza wawe na wa kumpokea.

"Taja jina lolote, mzee," Neema akaniambia. "Si mtu, ni mfano tu."

Jina lolote. Wewe ungetaja lipi? Mimi lilinijia la Mihambo. Huyu alikuwa mjomba wa bibi yangu, kwetu Puge. Aliondoka angali kijana, mpagazi katika misafara iliyokuwa ikishuka pwani, na hakurudi. Bibi alikuwa akisema kwamba mama yake, kila mbwa alipobweka, alitoka nje mbio kwenda kumpokea kaka yake. Kwetu mtu akitoka safari humwachi asimame na mzigo. Unamkimbilia, unamtua mzigo, ndipo salamu na habari. Mihambo hakuna aliyemtua. Nikaona ni jambo jema jina lake litamkwe tena na watu. Nikaandika: Mihambo, wa Puge, mzigo wa nta, yuko mlangoni. Neema akapiga picha yake.

Mafunzo yakaendelea. Watu wa vituo wakawa wananitania kwenye simu. Leo nimempokea Mihambo wako mara tatu, mzee, na bado anakuja, huyo nta anaitoa pori gani? Tukacheka. Nami nilicheka.

Jumatatu moja wenzangu walikuwa wamekwenda kula, nami nimebaki mezani mbele ya kompyuta. Nikaona kivuli mlangoni. Alikuwa kijana, shuka moja kiunoni, miguu mitupu yenye vumbi hadi magotini. Begani alikuwa na mzigo uliofungwa kwa mkeka na kamba za magome ya miti, na bega lile lilikuwa limechubuka hadi nyama kuonekana. Harufu ya nta ikajaa ghala zima. Nikadhani ni mfugaji anayetoka ndani sana porini. Nikangoja aniamkie, maana kwa umri angeweza kuwa mjukuu wangu. Hakuniamkia. Alisimama akinitazama kama mtu anavyomtazama mtoto aliyesahau adabu. Na mdomo wangu, niamini, ukafunguka wenyewe.

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba, mjukuu wangu."

Nilitaka kukimbia. Lakini mkono una mazoea yake. Nikauweka kwenye kompyuta nikamuuliza jina, kama ninavyomuuliza kila anayeleta mzigo. Akasema nalijua, maana mimi ndiye niliyemwita.

Alizungumza Kinyamwezi cha zamani, kile cha bibi, ambacho siku hizi sikisikii hata Puge. Alisema safari yake ya pwani ilikatika zamani. Aliishia Ugogo, wenzake wakamfunika kwa mawe wakaendelea, naye alikuwa amelala. Kisha akasikia anaitwa, akajikuta mlangoni kwa watu, mzigo begani. Akapokewa, akautua, akakaa. Kabla jasho halijamkauka yuko tena mlangoni, mzigo begani. Akapokewa Sikonge, akapokewa Urambo, wakimpokea wanacheka, na kila mara akiketi anajikuta amesimama. Hakuwa na hasira. Alisema yale kwa sauti ya mtu aliyechoka hata kulalamika.

"Wananipokea bila kunishika," akasema. "Nipokee wewe, upande ule usiofutwa."

Nilimwelewa, na ndipo nilipoogopa kweli. Nikamwambia auweke mzigo kwenye mzani. Akauweka. Mzani haukusogea hata kidogo. Akauinua tena akaurudisha begani bila kuambiwa, kama mtu aliyekwisha kuzoea.

Nifanyeje? Kuandika kwenye mfumo wa kazi nta ambayo mzani haukuiona ni uongo, na uongo huo ungebaki humo daima. Wafugaji wanaacha jasho lao mlangoni pangu kwa sababu wanajua siandiki nisichokiona. Tena ni mimi ninayewafundisha watoto amri za Mungu. Lakini kumrudisha mtu huyu njiani, je? Jumapili ingefika, mashine ingefuta, naye angesimama tena. Nikafumba macho nikaomba kwa maneno machache. Na katika kuomba nikagundua jambo la aibu: muda wote ule nilikuwa nimekaa. Mzee wangu amesimama na mzigo, mimi nimekaa namuuliza jina.

Nikaiacha kompyuta. Nikazunguka meza, nikamwambia pole na safari, nikaushika mzigo kwa mikono miwili nikamtua.

Mzani haukuuona uzito ule. Mimi niliuona. Ulinishusha hadi magoti yakagusa sakafu, na bega langu la kushoto likalia kama tawi linalovunjika. Nilipoinua uso kijana alikuwa amenyooka, na alikuwa mrefu kuliko nilivyodhani. Akavuta pumzi ndefu.

"Nimefika," akasema.

Kisha mlango ukawa mtupu. Mikononi mwangu hapakuwa na kitu, ila viganja vilikuwa vinanata.

Jioni ile nilimpigia Neema, nikamwomba aliondoe jina la Mihambo kwenye mfumo wa mafunzo na apige picha nyingine. Akaniambia ni jina tu, mzee. Nikamwomba tena, kwa heshima ya mvi zangu. Hakucheka. Akaandika Mfugaji wa Kwanza, akaipiga picha upya. Nami nikaenda kwa padre, nikaomba misa ya marehemu mmoja wa ukoo wetu aliyefia safarini. Padre hakuniuliza zaidi, alisema kumwombea marehemu si kosa kamwe. Nikashukuru. Nikaamini yamekwisha.

Masika yaliyofuata radi ikapiga umeme wa mji, na lile sanduku jeusi likafa. Lakini kazi haikusimama, na sote tulishangaa. Siku mbili baadaye, mchana, simu yangu ikalia. Alikuwa Mama Shija, mtunza ghala wa Urambo, mama mcheshi ambaye sauti yake husikika mpaka barabarani. Siku hiyo alinong'ona.

"Shikamoo, mzee. Kuna kijana hapa mlangoni na mzigo. Nimemwambia aketi, hataki. Amenifanya nimwamkie."

"Inuka," nikamwambia. "Usimuulize kitu. Mtue kwa mikono yako."

Hakukata simu, aliiweka mezani. Nikasikia kiti kinasogea. Nikasikia miguu yake. Kisha kishindo cha kitu kizito kikigusa sakafu, halafu Mama Shija analia.

Neema alinieleza baadaye, polepole. Mifumo mikubwa haiwekwi mahali pamoja. Sanduku la Tabora lilipokufa, liliamka jingine katika mji mwingine, lililowekwa kwa akiba, na ndani yake ilikuwamo picha ya zamani, ile ya siku ya kwanza, Mihambo akiwa bado mlangoni. Nikamuuliza akiba kama hizo ziko ngapi. Akasema hata yeye hazijui zote, maana walioujenga mfumo huiwekea kila akiba akiba nyingine.

Fundi cherehani wangu wa mtaa wa Ng'ambo, aliyenishonea makoti miaka mingi, alinipima juzi akanipima tena. Akasema bega la kushoto limeshuka, akauliza ninabeba nini. Mama Shija naye siku hizi hubeba mkoba kwa bega la kulia tu. Tumewaambia watunza ghala wote, na wote wanajua la kufanya. Hakuna anayetania tena.

Nawe unayesoma, usizipe mashine majina ya marehemu wako ili watu wajifunzie. Waache walale. Na akija mtu mlangoni pako amebeba, usibaki umekaa. Mtue kwanza, mengine yatafuata. Mungu aliyenipa nguvu ya kuinuka siku ile akubariki wewe na nyumba yako, na siku utakapomaliza safari yako, akutumie mtu wa kukutua mzigo. Amina.