Chatu Kwenye Boti ya Kurudi Mjini

Shule niliacha darasa la tatu, kwa hiyo nikiruka huku na kule mnivumilie. Nimezaliwa Magu, nimezeekea Pasiansi. Ziwa naliona kila asubuhi nikifagia, lakini kupanda boti hapana, kuogelea sijui. Ni mjukuu wangu wa kike, wa miaka sita, aliyening'ang'ania: "Bibi, twende kisiwani tukaone swala." Mama yake, binti yangu, akanicheka, "Mama, si pale tu!" Basi.

Kisiwani kuzuri, nisiseme uongo. Pimbi wamejilaza juu ya mawe kama mawe ni yao. Halafu wakatoka wacheza ngoma ya chatu, ngoma yetu ya Kisukuma, chatu hai shingoni. Baba yangu aliicheza. Kwetu joka lililala ndani ya chungu uvunguni, na mama alilinunia mpaka likafa. Baba alitufundisha: chatu akitoka usipige kelele, wala usimtaje. Sema "mgeni katoka", kwa sauti ya kuomba chumvi.

Jioni tukarudi boti moja na wale wachezaji. Kapu la chatu likawekwa karibu na magoti yangu, mjukuu nimempakata, binti yangu kakaa kule mbele. Katikati ya maji upepo ukaamka, boti ikaanza kuyumba. Nikatazama kapu ili nisitazame maji.

Kifuniko kimekaa upande. Ndani kitambaa tu.

Nilikauka. Watu wakisikia neno chatu watakimbilia upande mmoja, boti ndogo ile ipinduke, na huyu mtoto laifu jaketi lenyewe linampwaya mpaka masikioni.

Nikamgusa bega mcheza ngoma, kijana mwenye shanga. "Baba, mgeni wako katoka."

Akatazama kapu. Jasho likamtoka. Akainama kama anayefunga kamba za viatu, na viatu hakuvaa. Akainuka taratibu.

"Shikamoo mama," akaninong'oneza. Salamu ya nini saa hizo, sijui. "Yuko chini ya kitenge chako. Kajizungusha mguu wa benchi. Usisogee."

"Na mguu wangu je?"

"Bado."

Bado! Ningekuwa nchi kavu ningemzaba kibao.

Kitu cha baridi kikapita juu ya kifundo changu, kizito, hakina haraka.

"Bibi, mbona unanibana?"

"Upepo. Hesabu ndege, mama."

Akahesabu, akakosea, akaanza upya. Mimi nilikuwa nasikia mguu tu.

Tulipofika, watu wakashuka. "Mama, twende," binti yangu akasema. Nikamkabidhi mtoto kwanza. "Tangulieni, miguu imekufa ganzi." Mpaka nilipoona viatu vya mtoto vimekanyaga saruji, ndipo nikavuta pumzi. Kijana akapiga magoti, akaanza kuimba chini chini wimbo wa baba yangu, nami nikaitikia, huku akimtoa chatu kidogo kidogo na kumrudisha kapuni.

Nilishuka nimeshikiliwa.

"Bibi yako anaogopa maji huyu!" binti yangu akamwambia mtoto, wakacheka.

Niliinama nikampapasa mtoto miguu, wa kwanza na wa pili.