Siku Niliyovalishwa Shimesikio

Juzi pale Rau nilimwona mtoto amevaa shimesikio, kile kifaa cha kusaidia kusikia, kajishika kichwa analia. Nikakumbuka darasa letu la viziwi kule Machame, mchana ule mwalimu aliponivalisha langu, lenye harufu ya plastiki mpya. Ghafla kishindo kikanijaa kichwani. Niliamini paa linabomoka, nikajitupa chini ya dawati. Wenzangu waliendelea kuandika.

Mwalimu akainama, akaniambia kwa mikono, "Usiogope, ni mvua."

Nilikataa. Mvua niliijua: ilinukia udongo, ililowesha migomba. Haikuwa na kelele.

"Inayo siku zote," akajibu.

Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Niligeuka taratibu, nitazame ni nini kingine kilichokuwa kikinguruma nyuma yangu tangu nizaliwe.