Valvu Imekataa

Mtu ninayetaka kusimulia habari zake ni mwendesha boila wa kiwanda chetu cha kufulia mashuka ya mahoteli. Tulimpa jina Mvuke. Miaka kumi na tisa amekaa na lile pipa la chuma, likikohoa tu anajua linaumwa wapi. Kilichomtoa jasho ni Kiingereza.

Ripoti ya kila zamu lazima iandikwe kwa Kiingereza. Msimamizi wetu, ambaye kisirisiri tulimwita Ticha, alizungushia makosa kwa kalamu nyekundu, akatoa alama, kisha akabandika ukurasa kwenye mlango wa chumba cha chakula. Siku moja Mvuke aliandika "I hear cold", maana baridi sisi tunaisikia. Siku nyingine alimwazima fundi spana, akaandika "borrow" palipotakiwa "lend", maana kwetu yote ni kuazima. Loo, tulicheka mbavu hatuna! Na mimi nilicheka, sifichi. Tangu hapo Mvuke akawa ananakili sentensi ya jana: kila kitu salama. Wengi wetu tulifanya hivyohivyo.

Sasa Jumatatu mchana, mshale wa presha ukapanda hadi kwenye wekundu, na valvu ya kuachia mvuke isifunguke. Mvuke akazima moto haraka, akamfuata Ticha.

"Bosi, ile valvu itatuua."

"Andika kwenye ripoti."

Mdogo wangu wa kike anapiga pasi hatua tatu tu kutoka kwenye boila. Nilimkuta Mvuke ameinamia daftari, ukurasa bado mtupu. Nikamwambia, "Mzee wangu, andika tu. Wakicheka, wacheke."

Jumanne asubuhi nikakuta watu wamejazana mlangoni, wanacheka. Nikajipenyeza nikasoma: "The valve has refused. It will burst." Yaani valvu imekataa, itapasuka. Neno "refused" limezungushiwa wekundu, pembeni kumeandikwa: mashine haikatai, tumia "failed". Nne kwa kumi.

Zamu ya alfajiri ilikuwa imeshawasha boila, na mdogo wangu ameshaingia.

Mvuke alifika nyuma yangu, akautazama ule ukurasa, akaubandua mlangoni na kukimbilia kwenye boila. "Tokeni! Nje wote!" Mtu mpole yule, sikujua ana sauti ile. Nilimvuta mdogo wangu kwa aproni huku ananiuliza nimepatwa na nini. Mshale ulikuwa umeuvuka wekundu. Mvuke akazima, akasimama palepale peke yake mpaka ukaanza kushuka, ndipo akatufuata uani.

Ticha akaja mbio. "Nani kakuruhusu kuzima?"

Mvuke akampa ukurasa. "Soma."

Akausoma pole pole, bila kalamu. Uso ukampauka.

"Mbona hukuniambia kwamba hali ni mbaya hivi?"

"Nilikuambia, bosi. Ukanipa nne kwa kumi."

Uani tulikuwa watu thelathini, na hakuna aliyecheka.