Meza Juu ya Matofali

Kila nikinusa leso mpya Biashara Street, namkumbuka bibi yangu. Alikuwa akimshonea mamangu mfarishi wa viraka vya leso, kwani mama aliugua, hakuacha kutetemeka kwa baridi. Lakini mgongo ulimuuma bibi, akashindwa kuinama mkekani.

Babu akainyanyua meza ya kulia, akaiwekea matofali miguuni.

"Hebu simama, ukunje mkono," alimwambia.

Meza ikalingana na kiwiko chake.

"Hapo hapo, bwana. Usiiguse tena."

Bibi akashona amesimama wima, mimi nikimtungia uzi sindanoni. Hakuguna tena. Alipomaliza tukamfunika mama. Mama akavipapasa vile viraka, kimoja kimoja, kisha akaomba chai.