Wimbo wa Saba wa Shufaa

Wiki tatu gitaa halikusikika Kaole. Majirani walikuwa wamelilalamikia vya kutosha kila alasiri. Lilipokoma, wakaanza kuulizana kama Shufaa anaumwa.

Hakuwa anaumwa. Albamu yake ya kwanza ilikuwa imekamilika: nyimbo nane za roki juu ya miondoko ya Kikwere, kazi ya miaka sita, naye ana miaka thelathini na minane. Lakini siku ya kuisikiliza yote studio, alipofika wimbo wa saba akausimamisha. Maneno yalikuwa yake. Sauti hakuitunga yeye. Aliitoa unyagoni, alikochezwa akiwa msichana, na ya unyagoni hayasemwi nje. Akiufuta wimbo ule, albamu inabaki bila moyo. Akiuacha, anamwaibisha shangazi yake Bi Rukaya, kungwi wa Mkange, aliyemfunda.

Mwishowe akaenda Mkange.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Mbona umekonda? Chakula unalilisha gitaa?"

Shufaa akaomba wabaki wawili. Bi Rukaya akamgeukia mumewe. "Mtoro, katazame mbuzi."

"Mbuzi si tuliwauza?"

"Basi katazame walipokuwa wakilala."

Shufaa akaweka simu mkekani, akaubonyeza wimbo, akabaki anatazama vidole vyake. Ulipoisha, Bi Rukaya akataka urudiwe.

"Huu umeutoa wapi?"

"Ndani, shangazi. Siku zile za uwali. Ukisema nifute, nafuta."

"Ndani wapi? Wewe siku ya kutolewa ulikuwa na homa, umebebwa mgongoni, hujui ndani wala nje! Huu tunauimba njiani, tunapomrudisha mwali kwao. Kijiji kizima kinausikia." Akapaza sauti. "Mtoro! Hebu imba ule wa kumrudisha mwali."

Nyuma ya nyumba Mtoro akaanza kuimba, kwa sauti mbaya isiyo na haya. Ulikuwa uleule.

"Umesikia? Ila huyo mpiga ngoma wenu anakimbia. Anafukuzwa na nani?"

Shufaa alicheka mpaka akalala chali, machozi yakimwingia masikioni. Bi Rukaya akamwacha alie, akaenda kuinjika chai.

Albamu ilitoka mwezi wa nne, na nyimbo zote nane. Kwa sasa Shufaa yuko Tanga, anaimba Ijumaa na Jumamosi katika hoteli moja karibu na stesheni.