Wifi Yangu Alijua Sijavuka Mpaka, Akasema "Sijui"

Admin, nifichie jina, maana hapa Bwera, mpakani Uganda, watu wanajuana. Nina miaka ishirini na tisa, ni mke wa mtu na mama wa watoto wawili. Mimi ni Mnande, nilizaliwa Kasindi upande wa Congo, nikaolewa upande huu na mwanamume wa kabila la Bakonzo. Lugha zetu ni kama moja, hata majina ni yale yale, lakini nikiongea Kiswahili tu watu wanajua nimetoka wapi.

Wifi yangu, nimwite Biira, ni nesi. Tulikuwa tunaishi boma moja, tunapika jiko moja. Akirudi kazini amechoka, mimi ndiye nilikuwa namchemshia maji ya kuoga. Alipoachwa na mchumba wake alilia kifuani kwangu, siyo kwa mama yake. Nilimhesabu kama dada wa tumbo moja.

Kipindi kile cha hofu ya Ebola nilikuwa na mimba ya tatu. Tangu hofu ianze sikuvuka mpaka hata mara moja. Shangazi yangu alipofariki Kasindi nilimlilia nikiwa hapa hapa, na Biira alikaa nami kwenye mkeka, ananishika mkono.

Miezi ilipotimia nikashikwa na homa na uchungu pamoja. Mume wangu alikuwa Kasenyi kununua samaki. Jirani yangu, Mukonzo wa hapa hapa, naye alikuwa na homa, tukapanda boda moja hadi kituo cha afya anachofanya kazi Biira. Getini wakatupima joto, la sote wawili lilikuwa juu. Askari akatuuliza tunatoka wapi. Jirani akajibu, akapitishwa. Mimi nikajibu, "Miye niko wa hapa, bwana yangu iko wa hapa." Askari akaruka nyuma. "Weye uko wa ng'ambo! Kaa kule, usiguse mutu."

Daktari akatoka, Biira nyuma yake. Nikamshukuru Mungu. Daktari akamuuliza, "Huyu unamjua? Amevuka mpaka siku hizi?"

Nikamtazama wifi yangu machoni. Yeye akaangalia chini. "Sijui, daktari. Hawa wa Congo wanavukaga tu."

Nikapelekwa kwenye hema nyuma ya jengo, ningoje watu wa kupima. Jua likawaka, hakuna aliyekuja. Nilimwita Biira mpaka sauti ikakauka. Aliyenishika ni mama mmoja muuza vitenge kutoka Beni, Congo, ambaye naye aliwekwa mule. "Sukuma, mwanangu, miye niko hapa." Mtoto alikuwa wa kike. Hakulia.

Baadaye walipopima damu yangu, ilikuwa malaria. Malaria ile ile ya jirani yangu, ambaye alikuwa ameshapewa dawa, amerudi kwake anapika.

Biira hakuja kuzika. Alipokuja kuniona alisema, "Mama Joan, ningefanya nini? Kila mutu kazini alikuwa anasema wa Congo ndio wanatuletea kifo. Ningesema uko wifi yangu, na mimi wangenikimbia." Yaani alijua. Alijua kabisa! Mume wangu alilia pamoja nami, lakini akamaliza kwa kusema, "Tuache tu. Iko damu yangu." Mama mkwe akasema ni mapenzi ya Mungu. Mapenzi gani? Mimi na jirani tuliumwa na mbu wa mtaa mmoja.

Sasa nina mimba tena. Biira siku hizi yuko wodi ya wazazi, na ukoo umekaa ukaamua yeye ndiye atanizalisha, ili tupatane. Juzi alikuja mwenyewe, ameleta maziwa. "Safari hii nitakushika mimi. Getini bado wanauliza mtu ametoka wapi, usiongee kitu, niache niongee. Nitasema ulizaliwa Kisinga, upande huu."

Alidhani ananisaidia. Nilikunywa yale maziwa, nikamrudishia chombo.

Kurudi Kasindi kwa mama naogopa, barabara za kule zina watu wenye bunduki. Kasese mjini sina ndugu. Nikimkataa Biira, mume wangu anasema navunja nyumba. Akina mama mnaosoma, ninyi mngemweka mtoto wenu mikononi mwake? Niambieni ukweli hata kama unauma, nijifungulie wapi? Tumbo halingoji watu wapatane.