Sisi wa Kuitikia

Tulipokuwa wasichana, kwetu Tuwan, Kitale, mimi na dada zangu wawili tulipukuchua mahindi tukiimba wimbo mmoja wa zamani wa redioni. Ulikuwa wa kundi la wasichana watatu waliomlilia mwanamume aliyewaacha. Sisi pia tulikuwa watatu. Beti zilikuwa za Kizungu cha haraka, na dada mkubwa alijitwalia zote. Mimi na wa katikati tuliitikia tu, tukitikisa vichwa, mikono imejaa vumbi la magunzi. Nikijaribu ubeti, alinirushia gunzi. "Wewe itikia, bana!"

Dada mkubwa aliolewa Myanga, kule Bungoma. Mwezi jana tulienda kumzika huko.

Kwenye mazishi yetu, ndugu za marehemu hupewa nafasi ya kumwimbia kabla jeneza halijateremshwa. Pasta alitaka wimbo wa kitabuni. Nilimwambia mbele ya watu wote kwamba dada yangu hakupenda nyimbo zake hata siku moja, nikamnyang'anya maiki. Dada wa katikati akaja kusimama kando yangu.

Hapo ndipo nilipojua kwamba miaka yote hiyo hakuna kati yetu aliyeshika ubeti hata mmoja. Tulitazamana. Mwishowe tukafanya kile tulichokijua. Tulinyamaza kwa muda ambao angeimba yeye, kisha tukaitikia. Tukanyamaza tena. Tukaitikia.